Maswali ya Wasomaji: Namba ya tTG na Maisha Bila Ngano

Mwenye ugonjwa wa seliaki hana tiba nyingine zaidi ya kuacha kabisa gluteni, protini iliyomo ndani ya ngano, shayiri na rai. Gluteni ikifika utumboni mwake, kinga ya mwili inakigeukia kimeng'enya cha mwili wenyewe kiitwacho transglutaminasi. Vile vidole vidogo vya ukuta wa utumbo mwembamba, vinavyofyonza chakula, hulala vikawa sawa na sakafu. Watafiti wa Berlin walitambua mwaka 1997 kwamba kimeng'enya hicho ndicho kinachoshambuliwa, na tangu hapo maabara hupima kingamwili zinazokishambulia. Kwenye karatasi huandikwa tTG-IgA. Barua za safari hii karibu zote zinauliza habari za namba hiyo.

Nina miaka 34. Nilipogunduliwa, tTG-IgA yangu iliandikwa "zaidi ya 200", na pale maabara mwisho wa kawaida ni 10. Nimeacha ngano miezi minane sasa. Juzi imekuja 61. Daktari kaniuliza kama naiba chapati, na mawifi nao wananitazama kwa jicho la pembeni. Wallahi sijaonja. Nimekosea wapi?
Mama Z., Dar es Salaam

Dada, kwa namba hizo hakuna mwenye haki ya kukuita mwongo.

Tuanze na ile "zaidi ya 200". Hiyo ni dari ya mashine tu. Mashine ikifika mwisho wa kipimo chake huandika "zaidi ya", isipokuwa fundi wa maabara aizimue sampuli na kuipima upya. Kwa hiyo huenda ulianzia 250, na huenda ulianzia 1,500. Kama ulianzia huko juu, 61 ni mteremko mkubwa sana. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua mlima ulikuwa na urefu gani.

Jambo la pili ni mwendo wenyewe. IgA, yaani aina ya kingamwili inayopimwa hapa, haikai sana ndani ya damu, nusu yake huisha kwa takriban siku sita. Mtu akipiga hesabu ya haraka atasema basi ndani ya miezi miwili namba iwe imekwisha. Haiendi hivyo, kwa sababu seli zinazotengeneza kingamwili hizo zimejazana ukutani mwa utumbo, na hazikomi siku uliyoacha mkate. Hupungua kidogo kidogo kadiri utumbo unavyotulia. Wengi huona namba ikishuka kwa kasi miezi 6 ya mwanzo, kisha ikaanza kutambaa. Aliyeanzia juu sana anaweza kuhitaji mwaka mmoja hadi miwili kufika chini ya mstari, na wengine huchukua zaidi.

Pima tena utakapotimiza mwaka. Utaratibu wa kawaida ni miezi 6 baada ya kuanza, miezi 12, halafu kila miezi 6 mpaka namba iwe ya kawaida, kisha mara moja kwa mwaka. Kupima kila mwezi ni kumaliza pesa na kujitia wasiwasi. Chukua daftari, kila kipimo kiandikie tarehe, namba, mwisho wa kawaida, jina la maabara na uzito wako siku hiyo. Daktari akiona safu hiyo atauliza maswali mengine. Kinachotutia shaka ni namba iliyosimama palepale kwa vipimo viwili vilivyoachana miezi 6, iliyogeuka na kupanda, au ambayo bado iko juu baada ya miezi 24.

Hata hivyo usiache kupekua jikoni, maana kinachohitajika kuuwasha utumbo ni kidogo mno. Slesi ya mkate ya gramu 30 ina gluteni ya gramu mbili na ushei. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2007 uliwapa wagonjwa miligramu 50 tu kila siku kwa miezi mitatu, na utumbo ukaonyesha kuumia. Hiyo ni kama sehemu moja ya hamsini ya ile slesi, yaani vumbi la unga kwenye kibao cha kusukumia. Chakula kilichoandikwa "hakina gluteni" kwa viwango vya kimataifa vya Codex kinaruhusiwa kuwa na miligramu 20 kwa kilo, na nusu kilo ya mkate wa aina hiyo haizidi miligramu 10. Sasa unaona kwa nini "nilikula mchuzi, nikaiacha chapati" haitoshi, kama upawa umetoka kwenye chungu kimoja na kuingia kingine.

Kwa nyumba zetu, mshukiwa wa kwanza ni mashine ya kusaga. Mahindi, mtama, uwele, wimbi na muhogo havina gluteni hata chembe, lakini mashine iliyomsagia mteja aliyetangulia ngano hubakiza unga ndani ya ngoma na kwenye mfuko, na debe lako ndilo linalousafisha. Tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa, au nunua ya mkono ukae nayo nyumbani. Mshukiwa wa pili ni unga wa lishe, ule wa nafaka mchanganyiko kwa ajili ya uji wa watoto. Mara nyingi umetiwa ngano na hata shayiri, na anayeuonja kwa kijiko kila asubuhi ni mama. Wa tatu ni mafuta. Chipsi za muhogo zilizokaangwa kwenye karai lililotoka maandazi si salama tena. Kisha kuna vinywaji vya unga wa kimea, bia, sosi ya soya, soseji, na mchuzi ulioongezwa uzito kwa kijiko cha unga. Na kwa Wakatoliki kuna hostia. Kanisa haliruhusu hostia isiyo na gluteni kabisa, ila linaruhusu yenye gluteni kidogo sana, na pia kupokea divai peke yake. Zungumza na paroko mapema, kikombe chako kitengwe kisichovunjiwa mkate.

Kama yote hayo uko safi, basi subiri. Mwili wako unafanya kazi yake.

Miaka minne nimeishi bila gluteni. Nilipokuwa Dubai namba yangu ilikuwa 4 kila mwaka. Nimehamia Muscat, hapa nimepimwa imekuja 18. Imepanda zaidi ya mara nne! Tena ni baada ya Ramadhani, nilialikwa futari nyingi.
Abu S., Muscat

Abu S., tupia jicho upande wa kulia wa karatasi zote mbili. Kwenye picha uliyotutumia, maabara ya zamani mwisho wake wa kawaida ni 10, na hii mpya ni 20. Kote uko chini ya mstari.

Vipimo vya tTG havina kipimo kimoja cha dunia kama kilo au mita. Kila mtengenezaji ana vitendanishi vyake na anajiwekea namba zake. "Yuniti" za huyu si za yule, hata zikiandikwa kwa herufi zilezile. Njia ya kulinganisha, japo si kamili, ni kugawanya namba yako kwa mwisho wa kawaida wa maabara hiyohiyo. Yako ilikuwa 0.4, sasa ni 0.9. Imesogea, ndiyo, lakini tofauti ndogo hivyo kati ya maabara mbili haina uzito. Ihesabu hii 18 kuwa mwanzo wako mpya, rudia palepale baada ya miezi 3 hadi 6, na hapo ndipo utajua kama inapanda kweli.

Kuhusu futari, harisi, yaani boko boko, ni ngano tupu hata ikipondwa ikawa laini kama uji, na hakuna namna ya kuifanya salama ila kuipika kwa mchele. Sambusa na kalmati unazijua. Halwa uliza imetiwa wanga wa nini, kwani wa mahindi au muhogo hauna neno, wa ngano usiuguse. Vitumbua vya mchele na mkate wa kumimina ni vyako, mradi mpishi hajaongeza unga wa ngano ili uumuke vizuri. Uliza kabla ya kukaa mkekani, maana ukishakaa aibu hukuzidi nguvu.

Jumamosi nilikuwa harusini nikajisahau, nikala sambusa mbili. Nikapime damu nione kama nimeharibu?
Msomaji, Mombasa

Usiende, itakudanganya. tTG huonyesha wiki na miezi, na sambusa mbili za juzi haziwezi kuipandisha zikaonekana. Kwa sababu hiyohiyo, mtu anayekula ngano mwaka mzima kisha akajinyima wiki moja kabla ya kipimo hamfichi daktari kitu.

Kosa la siku moja linaweza kunaswa na kipimo kingine, kinachotafuta vipande vya gluteni ambavyo tumbo halikuvimaliza. Kwenye mkojo huonekana kuanzia saa chache baada ya kula hadi siku moja au mbili, na kwenye kinyesi kwa siku kadhaa. Vijiti vyake huuzwa Ulaya na Marekani. Kwako wewe unayejua ulichokula havina kazi. Vinamfaa yule ambaye namba yake haishuki na hajui gluteni inapita wapi. Kunywa maji ya kutosha, rudi kwenye chakula chako, na tarehe ya kipimo chako cha mwaka ibaki ileile.

Mwanangu ana miaka 6. Tumeambiwa tTG yake ni 0.3, "nzuri sana", tangu siku ya kwanza. Lakini biopsi, kile kipande cha utumbo kilichokatwa na kupimwa, ilionyesha seliaki. Mwaka mzima hali ngano, bado ni mwembamba na uzito hauongezeki. Mbona damu inasema hana kitu?
Mama J., Nairobi

Mama J., swali lako ndilo lililotukalisha muda mrefu kuliko yote, na tunaomba usilipeleke kesho, lipeleke leo.

Herufi za mwisho za tTG-IgA ni aina ya kingamwili. Kuna watu ambao miili yao haitengenezi IgA kabisa, au hutengeneza kiasi kidogo mno. Kwa wenye seliaki hutokea kwa takriban wawili au watatu katika kila mia, mara nyingi kuliko kwa watu wengine. Kwa mtu huyo tTG-IgA itasoma karibu na sifuri hata utumbo ukiwa unawaka moto, kama mizani isiyo na jiwe. Ndiyo maana kipimo cha kwanza kabisa cha seliaki hutakiwa kiende pamoja na IgA jumla. Kwa mtoto aliyevuka miaka 3, IgA jumla iliyo chini ya gramu 0.2 kwa lita inamaanisha tTG-IgA haina maana kwake, wala haifai kumfuatilia nayo.

Omba IgA jumla. Gharama yake si kubwa, na hupimwa mara moja tu. Ikiwa ni ya chini, afuatiliwe kwa vipimo vya IgG, yaani tTG-IgG, au kile cha gliadini (sehemu ya gluteni) iliyobadilishwa kinachoandikwa DGP-IgG. Uwe tayari kwa jambo moja: IgG hukaa ndani ya damu muda mrefu kuliko IgA, nusu yake huisha kwa takriban wiki tatu, na kwa baadhi ya watoto hubaki juu miaka kadhaa ingawa utumbo umepona. Hapo tena mwelekeo ndio wa kutazama.

Ikiwa IgA jumla ni ya kawaida, basi namba ile haikuwa na cha kushuka tangu mwanzo, na haiwezi kuwa shahidi wa chochote leo. Daktari wa watoto wa magonjwa ya tumbo airudie biopsi yenyewe na kuitazama upya, kwa sababu vidole vya utumbo hulala pia kwa giardia, kijidudu cha tumboni, na kwa utapiamlo mkali.

Wakati huo wote, kipimo kikuu cha mtoto ni mizani na rula ya ukutani. Apimwe uzito na urefu kila miezi 3 na alama ziwekwe kwenye chati yake ya kliniki. Mtoto aliyeacha gluteni kweli huanza kupanda kwenye chati ndani ya miezi michache. Asiyepanda mwaka mzima anahitaji kuchunguzwa, karatasi ya maabara iseme itakavyosema. Na uliza shuleni. Udongo wa kufinyanga wa watoto mara nyingi ni unga wa ngano, na mikono hiyo huishia mdomoni.

tTG yangu ni ya kawaida miaka mitatu mfululizo. Lakini tumbo linaniendesha na madini ya chuma hayapandi. Daktari anasema damu ni safi, nipumzike.
R., Malmö, Sweden

Usipumzike bado. tTG ya kawaida inasema kwamba kinga haipigi kelele. Haisemi kwamba ukuta umejengwa upya. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba kati ya wagonjwa wanaofuata mlo lakini utumbo wao bado umelala, nusu hivi tu ndio waliokuwa na tTG ya juu. Nusu nyingine damu yao ilikuwa "safi" kama yako. Namba ya juu tuiamini kuwa ni onyo, ila namba ya kawaida tusiifanye cheti.

Mtaalamu wa lishe anayejua seliaki akae nawe na apitie chakula chako cha wiki nzima, pakiti kwa pakiti. Huko Sweden swali la kwanza ni oti. Baadhi yetu huziita shayiri pia, na hapo mkanganyiko huanza: shayiri ya kimea ina gluteni, oti zenyewe hazina, ila huchafuliwa shambani na kiwandani. Kula zile tu zilizoandikwa "glutenfri", na ujue wapo wachache ambao hata hizo huwadhuru. Ziache kabisa miezi mitatu uone.

Kisha omba kamera ya tumbo na biopsi mpya. Utumbo wa mtu mzima hupona polepole, miaka miwili au zaidi si ajabu, hivyo miaka mitatu ni wakati mzuri wa kutazama. Ukikutwa umepona, kuhara kunatafutiwa sababu nyingine: maziwa, bakteria waliozidi kwenye utumbo mwembamba, kongosho lisilotoa vimeng'enya vya kutosha, au uvimbe wa utumbo mpana usioonekana ila kwa hadubini. Kama bado umelala na chakula ni safi kwelikweli, hiyo ni aina sugu. Ni adimu, lakini haifai kukaa nyumbani bila mtaalamu.

Niliacha ngano mwenyewe miezi mitano iliyopita, nikapata nafuu kubwa. Sasa nimepima, tTG haina kitu. Kwa hiyo sina seliaki?
K., Kampala

Haijulikani, na kipimo hicho hakiwezi kukujibu. Umeuzima moto kisha ukatafuta moshi.

Uko na njia mbili. Ya kwanza ni kipimo cha vinasaba, HLA-DQ2 na DQ8, ambacho hakijali unakula nini. Ukikosa vyote viwili, seliaki ni kama haipo kabisa, na utafute sababu nyingine. Ukiwa navyo bado hakuna jibu, kwa sababu watu wengi wasio na ugonjwa huu wanavyo.

Njia ya pili ni kurudi kwenye ngano chini ya uangalizi wa daktari: kwa mtu mzima, slesi mbili au tatu za mkate wa kawaida kila siku kwa wiki 6 hadi 8, ndipo damu ichukuliwe, na ikibidi biopsi. Mwili ukikataa vibaya mapema, wiki mbili zinaweza kutosha, lakini damu iliyochukuliwa mapema hivyo huweza kusema "hapana" kwa uongo. Mjamzito asifanye hivi. Mtoto wa chini ya miaka 5 na kijana anayebalehe wasifanye bila bingwa.

Kila mwaka nipime nini zaidi ya tTG? Na je, nifunge kula?
Mwalimu, Mwanza

Shikamoo Mwalimu. Kwa tTG hakuna haja ya kufunga, kunywa chai yako. Kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi, mwambie fundi wa maabara, kwani baadhi ya mashine huchanganyikiwa.

Nyuma ya tTG ziandamane picha kamili ya damu, feritini (akiba ya chuma), foleti, vitamini B12, vitamini D, TSH ambayo ni homoni inayoliamsha dundumio, ile tezi ya shingoni, na vimeng'enya vya ini. ALT huwa juu kidogo kwa wengi wanapogunduliwa, na hushuka ndani ya mwaka mmoja wa mlo safi. Isiposhuka, ini lichunguzwe lenyewe. Kipimo cha uimara wa mifupa hufanywa mara moja kwa mtu mzima, kisha daktari ataamua.

La kwetu huku ni homa ya ini B. Watu wenye seliaki ambayo haijatibiwa mara nyingi hawaitikii chanjo yake vizuri. Kama ulichanjwa kabla ya kuacha ngano, pima anti-HBs, yaani kingamwili za homa hiyo. Ikiwa chini ya 10, chanjwa tena sasa wakati utumbo umetulia.

Na feritini usiipime ukiwa na malaria au homa nyingine yoyote. Hupanda mtu akiumwa, hata ghala la chuma likiwa tupu. Subiri wiki mbili au tatu baada ya kupona, ipimwe pamoja na CRP, inayoonyesha kama mwili bado unaumwa, na kidonge cha chuma usikimeze asubuhi hiyo. Hemoglobini ikiwa chini na tTG yako ni nzuri, peleka pia choo kikapimwe minyoo ya safura kabla ya kulaumu mlo.